Watoto wa Ogwedhi Watunga Michezo, Sisi wa Pwani Twangoja Nini?

Lau ungeniuliza miaka mitatu iliyopita kama mchezo wa kompyuta una kheri yoyote kwa mtoto wa Kiislamu, ningekujibu papo hapo kwamba hauna. Na kwa hakika niliulizwa, na hivyo ndivyo nilivyojibu. Makala haya ni ya kuitazama upya kauli yangu hiyo, maana imekwisha kunisuta.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amemaliza ualimu na hajapata kazi. Akaja kwa wazee wa mtaa wetu hapa Mombasa na ombi: apewe chumba kimoja cha chuo siku za likizo, baada ya alasiri, awafundishe watoto kutunga michezo kwa kompyuta nne kuukuu alizokusanya. Wazee wakaniuliza mimi, kwa kuwa naonekana mtu wa magazeti. Nikasema chuo ni mahali pa Kurani na adabu, na mchezo ni lahau. Tusichanganye maziwa na tui. Ombi likafa. Kijana hakunijibu ila, "Inshallah, mjomba," akaondoka. Mwaka uliofuata akaajiriwa, akapelekwa kusomesha shule ya msingi huko Ogwedhi.

Mwaka jana nikaenda kumjulia hali. Msomaji ambaye hajafika huko na ajue kwamba Ogwedhi ni kituo cha soko katika Kaunti ya Migori, upande unaopakana na nchi ya Wamaasai ya Transmara. Ukitoka Mombasa ni safari ya kuvuka nchi nzima, toka bahari hadi karibu na ziwa. Soko lake linajulikana kwa mifugo. Siku ya soko utamwona Mjaluo, Mmaasai na Mkisii wamesimama kando ya fahali mmoja, kila mmoja na lugha yake ya mama, na bei inazungumzwa kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Mvita wala cha Amu, lakini ng'ombe ananunuliwa nacho na pesa zinahesabiwa nacho. Jambo hilo liweke akilini, tutalirudia.

Shuleni nikamkuta mpwa wangu na watoto wapatao ishirini kuzunguka kompyuta sita. Msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja hivi, Mjaluo, alikuwa na mvulana wa Kimaasai, wametunga mchezo wao. Katika kioo kulikuwa na mto, boma, ng'ombe mmoja na fisi wawili. Ng'ombe unamwendesha kwa vidole. Akifika bomani salama unapata alama moja; akiguswa na fisi, mchezo umekwisha. Nikajaribu. Fisi wakanila mara tatu na watoto wakaangua kicheko. Mara ya nne nikafika bomani, na alama zikaandikwa nne.

Nikamwambia yule msichana, "Mjukuu wangu, mashine yako inanipendelea. Nimefika mara moja tu."

Akatazama, akanyamaza. Halafu akamwambia mwenziwe kwa Kiswahili, "Ni zile zako za kwanza. Hazikufutwa." Wakainamia kioo. Walikuwa hawajaiambia mashine kwamba mchezo ukianza upya, hesabu nayo irudi sifuri. Wakachukua kipande kimoja cha rangi ya machungwa, wakakipachika mwanzoni kabisa, wakajaribu tena. Hesabu ikasimama sawa. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Mpwa wangu alikuwa dirishani, mikono nyuma, anatazama.

Sasa nieleze kitu chenyewe, maana wengi wetu tunawaona watoto na vioo vyao lakini hatujui wanafanya nini ndani yake.

Kompyuta hutii maandishi. Kwa desturi, mtu akitaka kuiamrisha humwandikia maagizo kwa lugha maalumu, mistari na mistari, na akisahau nukta moja au mabano mamoja yote huharibika. Kazi hiyo imewavunja moyo watu wazima wengi, seuze watoto. Ndipo wataalamu wakatafuta njia nyingine: badala ya mtoto kuandika agizo, apewe vipande vilivyokwisha kuandikwa, kila kimoja na agizo lake, avipange kwa kuvipachika kimoja chini ya kingine. "Songa hatua kumi" ni kipande. "Rudia daima" ni kipande chenye mdomo wazi, unachokitia mdomoni ndicho kitakachorudiwa. "Ikiwa umegusa fisi, basi" ni kipande kingine. Kila aina ina rangi yake: mwendo ni buluu, sura ni zambarau, matukio ni manjano.

Siri kubwa imo katika maumbo. Vipande visivyopatana havishikani. Kipande cha kuanzia kina mgongo wa mviringo juu, hakikubali kitu juu yake. Nilipoelezwa hili nilikumbuka chuoni, tulipokuwa tukijifunza kuunga herufi ubaoni. Alifu, dali, dhali, re, ze na wau hazikubali kuungwa na herufi ifuatayo. Utazilazimisha na zitakukataa. Maalim hakuhitaji kutupa nahau ndefu. Umbo la herufi lenyewe lilikuwa likitufundisha. Basi ndivyo vilivyo vipande hivi: kosa la uandishi haliwezekani, likibaki ni kosa la fikra, na kosa la fikra ndilo lenye faida kulisahihisha.

Njia hii haikuzuka jana. Mwaka 1967, huko Cambridge ya Massachusetts, Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon na wenzao walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Logo kwa ajili ya watoto. Mtoto alimwamrisha kobe wa mashine aende mbele au ageuke, na kobe akachora njia yake. Papert huyu, na ni vizuri ijulikane, ni mzaliwa wa Afrika: alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akafariki mwaka 2016. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hujifunza zaidi anapounda kitu chake kuliko anapomiminiwa maneno. Waliokuja nyuma yake katika chuo cha MIT, wakiongozwa na Mitchel Resnick, wakaichukua hoja hiyo, wakaichanganya na fikra ya matofali ya kuchezea ya LEGO, na mwaka 2007 wakawatolea watu wote chombo kiitwacho Scratch. Mwaka 2019 kikatolewa katika umbo lake la tatu, linalofanya kazi hata katika tabuleti. Hakiuzwi, hutolewa bure. Na kikiisha kutiwa katika kompyuta hakihitaji intaneti, jambo ambalo kwa shule ya mashambani ni nusu ya neema yote.

Asiseme mtu kwamba ni kitu cha kuchezea tu. Chuo Kikuu cha Harvard, katika somo lake mashuhuri la kuanzia kompyuta liitwalo CS50, huwaanzisha wanafunzi wake kwa vipande hivi hivi kabla ya kuwapeleka kwenye lugha za maandishi. Ikiwa mwanafunzi wa Harvard haoni haya kuanza hapo, mtoto wa Ogwedhi au wa Kisauni ana haya gani?

Na asiseme mtu kwamba elimu hii ni ya kigeni kwetu sisi Waislamu. Mpango wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata, Wazungu huuita kwa neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, enzi za Khalifa Maamun. Neno lao la aljebra nalo limetoka katika jina la kitabu chake. Katika Baghdad hiyo hiyo, na karne hiyo hiyo, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu cha hila za mitambo, na wakaunda filimbi iliyojipigia yenyewe kwa kufuata mpango uliowekwa. Babu zetu katika dini hawakuogopa mashine yenye kutii amri. Sisi wajukuu ndio tuliobaki kununua za watu.

Hapa ndipo penye uchungu. Kwa muda ule ambao mpwa wangu alinyimwa chumba, vijana wa mtaa wetu hawakukaa bila mchezo. Walikuwa nao mkononi, katika simu. Michezo hiyo haikutungwa na wao wala kwa manufaa yao. Mingine ni kamari mbichi, iliyovishwa nguo ya mchezo: kindege kinapaa, pesa zinapanda, ghafla pesa zimekwenda. Namjua mzazi mmoja aliyempa mwanawe karo ya nduguye akailipe shuleni, na karo haikufika. Iliishia kwenye simu katika usiku mmoja. Kamari imekatazwa bayana katika Suratul Maida, aya ya tisini, ikitajwa sambamba na ulevi. Hilo hakuna Mwislamu wa kulifunzwa. Lakini mimi nilifunga mlango wa kutunga nikidhani nimefunga mlango wa kucheza. Mlango wa kucheza haukufungika, na kijana aliyeingia humo hakujua hata kwamba ile mashine imepangwa na mtu, kwa hesabu, ili mwenye duka asikose faida.

Yule msichana wa Ogwedhi analijua hilo. Ameshaona kwa macho yake kwamba fisi anakwenda kasi kwa sababu yeye ndiye aliyemwandikia kasi. Nilimsikia akimwambia mwenziwe, "Ukitaka ashinde kila mara, ongeza hii." Mtoto aliyelisema neno hilo hawezi kulaghaika upesi na kindege cha kamari.

Nimesema Kiswahili tutakirudia. Vipande walivyovitumia watoto wale siku ya kwanza vilikuwa vya Kiingereza. Walikuwa wamevikariri kwa rangi na kwa mahali vilipo, kama mtu anayekariri aya bila ya maana. Wakigombana juu ya mchezo waligombana kwa Kiswahili, kisha wakarudi kutafuta neno la Kiingereza wasilolifahamu. Nikamwuliza mpwa wangu kama hakuna namna nyingine. Akasema, "Mjomba, hata mimi nilichelewa kujua." Akafungua sehemu ya kuchagua lugha, akashuka chini katika orodha ndefu ya lugha za dunia, na humo mlikuwamo neno Kiswahili. Akaligusa. Vipande vyote vikageuka.

Chumba kikanyamaza kidogo, halafu kelele. Yule mvulana wa Kimaasai, ambaye tangu asubuhi alikuwa amemwachia mwenziwe kusoma, akaweka kidole juu ya kioo, akasoma mchezo wao wote kuanzia juu hadi chini kwa sauti, kama anayesoma barua. Alipomaliza akasema, "Kumbe ndivyo tulivyosema!" Mchezo aliutunga yeye, na siku hiyo ndiyo aliyojua alichokisema.

Nilikaa na maneno yale njiani nikirejea. Kiswahili tunachojivunia sisi watu wa pwani, tunachokigombania ufasaha wake magazetini na katika redio, kilikuwa kikifanya kazi mpya huko mpakani mwa Migori, mikononi mwa watoto ambao si lugha ya mama zao. Tafsiri zile, nikaambiwa, hufanywa na watu wa kujitolea, na mlango u wazi kwa yeyote mwenye kuijua lugha. Nikajiuliza: wangapi katika washairi wetu wamewahi kubisha mlango huo? Twakutana kila mwaka kusifu lugha, lakini lugha haikui kwa sifa, hukua kwa kutumwa. Soko la Ogwedhi halikukitukuza Kiswahili kwa hotuba. Lilikipa ng'ombe akiuze.

Serikali nayo ina fungu lake. Mwaka 2016 ilianza kugawa tabuleti na vifaa vingine katika shule za msingi, na hesabu yake ikapita milioni moja, katika shule zaidi ya 21,000. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ikaidhinisha mtaala wa kutunga programu kwa shule za msingi na za upili, ulioandaliwa na kampuni ya Kodris Africa. Haya ni mema, lakini karatasi ya idhini haimfundishi mtoto. Nimeingia katika shule moja, sitaitaja, nikaona tabuleti zimefungiwa kabatini na ufunguo hajulikani aliye nao. Walimu waliniambia wanaogopa zisiibiwe, wengine kwamba hawakufundishwa kuzitumia. Kifaa kilichofungiwa kabatini ni sawa na msahafu uliowekwa juu ya kabati kwa baraka, haufunguliwi.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema katika michezo hiyo mna picha za viumbe, nao hawazipendi. Ni kauli ya kuheshimiwa, na dawa yake imo humo humo: chombo kinamruhusu mtoto kuchora umbo lake mwenyewe. Achore jahazi, achore kete, achore mwezi. Wapo watakaosema macho yataharibika na muda utapotea. Basi tuweke saa moja, baada ya alasiri, mwalimu awepo. Tumewawekea watoto mipaka katika mpira wa mguu na maji ya bahari, hatutashindwa na hili. Na wapo wa kisasa watakaosema, kwa nini kuhangaika, siku hizi kuna mashine zenye akili bandia zinazoandika programu zenyewe? Kweli zipo. Lakini asiyejua hesabu hawezi kumkamata karani anayemwibia, hata karani awe hodari vipi. Atakayezitumia mashine hizo vyema ni yule ajuaye anataka nini, kwa mpango upi, na ajuaye kulitambua kosa analoletewa.

Sisi wa pwani tuna mali ambayo Ogwedhi hawana, nao wana yao. Wao wana mchezo wao wa kale wa ajua. Sisi tuna bao. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, kunamua na mtaji, nyumba na vichwa: hilo ni zoezi lililokamilika. Kumwaga kete moja moja mpaka ziishe, kisha kutazama kama shimo la mwisho lina kitu au tupu, ndiyo "rudia mpaka" na ndiyo "ikiwa, basi" ya vipande vile. Mzee wa bao wa barazani na mtoto wa darasa la sita wakikaa pamoja, mmoja ana sheria na mwingine ana vipande.

Na tuna mizani. Nilimpendekezea mpwa wangu mchezo: maneno yanadondoka kutoka juu, mtoto ayapange yatimie mizani nane, nusu ya mshororo wa shairi. Akasema rahisi, mashine ihesabu irabu tu, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Nikamwambia, hapo itakupotosha. "Mtu" ana irabu moja lakini mizani mbili, m-tu. "Mbuzi" ni mbili, mbu-zi. Na ukisema "mtu mbaya", hiyo "mbaya" ni mizani tatu, m-ba-ya. Ukisema "habari mbaya" ni mbili tu, mba-ya. Kijana akashika kichwa. Akaniuliza, "Sasa mashine nitaiambiaje?" Tukakaa mpaka saa nne usiku, mimi nikitaja kanuni, yeye akiandika. Sijapata kuieleza kazi ya ushairi kwa utaratibu namna ile hata siku moja, maana wanafunzi wangu wa kibinadamu hunikubalia nikisema "sikiliza tu." Mashine haisikilizi, inataka sababu.

Basi naiondoa kauli yangu ya kwanza, mbele za watu, kama nilivyoitoa mbele za watu. Mwezi uliopita nimekwenda kwa wazee wale wale wa mtaa. Nimeomba chumba kile kile, siku za likizo, baada ya alasiri. Wawili wamekubali, mmoja ameomba aonyeshwe kwanza, na amefanya vyema kuomba. Mpwa wangu atashuka likizo ijayo na kompyuta zake nne kuukuu kuwaonyesha.

Nimemwomba aje pia na ule mchezo wa ng'ombe na fisi, katika Kiswahili chake cha Ogwedhi kama kilivyo, asikisahihishe. Nataka watoto wetu waione kazi ya wenzao kwanza, kabla hawajaambiwa kwamba lugha ni yao.

Wabillahi tawfiq.